Mwanangu, kuhusu mjomba wako na hiyo kamati

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Waniuliza kama mjomba wako ataweza kukaa kwenye kamati ya kliniki ya afya ya akili bila kuchoka wala kujifedhehesha. Kuchoka atachoka. Hata wewe wachoka, na sijasikia umetolewa kwenye kamati yoyote. Mimi nataka kujua kama hao wengine wataweza kukaa naye.

Ule mkutano wa afya ya akili wa hapa Tanga ulikukuta uko bweni. Walimwita mjomba wako, akaenda na kanzu yake imenyooka na koti la marehemu babu yako. Wakampa soda, wakamtaka aeleze alivyougua. Akaeleza, watu wakafuta machozi. Kumbe yeye alifuata jambo jingine: akishachomwa sindano ya mwezi mikono yamtetemeka, hata uzi wa nyavu wamponyoka. Akaomba dawa ya kutuliza mtetemo isikosekane dirishani, na watu wasiitwe kwa kelele, "Wa akili, huku!" Hakumaliza. "Ahsante mzee wetu, muda umetubana." Makofi. Akapelekwa nje kupigwa picha, wao wakafunga mlango wakapanga. Nilikuwa nimekaa nyuma na mfuko wake wa dawa mapajani. Yale makofi yaniuma hadi leo kuliko matusi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mlinicheka nikisema, lakini nasema tena.

Wanitajia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu, kwamba nchi yetu iliuridhia 2009 na serikali yapaswa kushauriana na wenyewe. Vyema. Kule Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili milimani Korogwe, wagonjwa wamezoea kushika jembe kwenye chai. Ila kupewa kazi ni kimoja, kuulizwa kazi iweje ni kingine.

Lakini hapo hapo najibishana. Mjomba wako ana dada wa kumpikia na kumkumbusha dawa. Yule kijana alalaye sokoni Ngamiani hana mtu. Mjomba akisema, amemsemea nani? Kila kitanda na kunguni wake. Basi mwiteni na kijana, na mwanamke pia, maana wanawake wakiugua twawaficha ndani. Wapeni posho kama ya wajumbe wengine, si soda. Na wiki ambayo mtu hayuko sawa, kiti chake kimngoje, asiwekwe mwingine.

Kati ya mjomba wako na yule mama wa Pangani mnayemfikiria pia kwa kamati, usinitie mimi kuchagua. Mimi ni dada mtu, neno langu lina upande. Ingawa yule mama, nimesikia, hakubali kukatizwa na mtu... haya, nanyamaza.

Ila barua nzima sikuona ulipoandika kwamba umemwuliza mwenyewe. Simu yake iko hewani. Mpigie baada ya magharibi, kabla hajaenda kwenye bao.

Mama yako