Masomo ya mbali hayakuanza na intaneti

Mkuu, umesema masomo ya mbali yameletwa na intaneti. Hapana, chuo kufundisha watu wasiofika darasani hakukuletwa na intaneti. University of London ilifungua mitihani yake kwa watu wasiosoma chuoni hapo tangu 1858, chuo kikuu cha UNISA cha Afrika Kusini ikaanza kufundisha kwa posta 1946, na Open University ya Uingereza ikapokea wanafunzi wa kwanza 1971 ikitumia vitabu, redio na TV. Intaneti imeongeza kasi tu, zamani zoezi uliloandika lilikuwa linakaa njiani wee mpaka unasahau uliandika nini.

Ila hapo uliposema vyuo vya mikoani havina kazi tena kwa vile kozi zipo bure mtandaoni, hapo sikubali kabisa. Kozi za bure watu wanajiandikisha kwa maelfu, wanaomaliza wachache, na mimi nimefundisha watu wazima wanaosoma jioni, kinachowakwamisha mara nyingi wala siyo somo lenyewe. Kuna mama mmoja alirudi kusoma takwimu baada ya miaka mingi, video kaangalia zote, daftari limejaa, akakwama kwenye kupakia faili la zoezi, siku tatu anahangaika nalo peke yake, alipokuja kituoni kwetu tunapofundishia tukamaliza dakika kumi na akaendelea mpaka mtihani. Hiyo ndo kazi ya chuo kilicho karibu na watu.

Cheti tu ndo uangalie ithibati kwanza, yaani kama kinatambulika rasmi, kozi kubeba jina la chuo siyo lazima ihesabiwe kwenye digrii.