Ameuza mwani mara moja, atolewe TASAF?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mpango wa kunusuru kaya maskini kijijini kwetu, wilaya ya Bagamoyo. Kuna mama, mlengwa wa TASAF wa siku nyingi, ameanza kulima mwani na mwezi uliopita kauza. Kikaoni wengine wanataka atolewe mara moja. Wanasema ruzuku inalemaza, na kwamba Uingereza na Marekani walibana misaada ndipo watu wakarudi kazini. Kitaalamu mnasemaje?

JIBU: Ndugu mjumbe, nakuomba sana, msimtoe mama huyo kwa mauzo ya mwezi mmoja.

Tuseme kaya inapata ruzuku ya sh. 40,000 (tarakimu za mfano tu), naye akachuma 50,000 kwa mwani. Mkiikata ruzuku yote, anabaki na 50,000. Yaani ameinama kwenye maji ya chumvi tangu alfajiri ili aongeze 10,000. Bamvua lijalo, maji yakipwa sana, atarudi kufunga kamba za mwani? Uingereza waliuona mtego huu. Katika mfumo wao wa Universal Credit, msaada hupunguzwa kidogo kidogo: tangu mwishoni mwa 2021, kila pauni 1 ya mshahara inayohesabiwa huondoa peni 55 za msaada, kabla ya hapo zilikuwa 63. Kwa kanuni hiyo mama yetu angekatwa 27,500, akabaki na jumla ya 62,500. Hapo jasho lake limemlipa. Ni kweli wanayo pia masharti makali ya kutafuta kazi, na asiyeyatimiza huadhibiwa.

Marekani, sheria ya 1996 iliweka ukomo wa miaka 5 wa kupokea msaada wa fedha za serikali kuu, na kufikia 2000 wapokeaji walikuwa wamepungua kwa zaidi ya nusu. Hapo wenzako wana hoja. Lakini miaka hiyo ajira zilikuwa tele kwao, na tangu 1993 serikali ilikuwa imepanua nafuu ya kodi inayomwongezea fedha mfanyakazi wa kipato cha chini. Ukichukua kile kisu ukaiacha ile nafuu, hujaiga walichofanya.

Kuhusu kulemaza, ushahidi mnao nyumbani. Bagamoyo, Kibaha na Chamwino ndizo wilaya zilizojaribiwa ruzuku hii, malipo yakianza Januari 2010. Vilichukuliwa vijiji 80, na 40 kati yake vikapangiwa kwa bahati nasibu kupokea. Kaya zilizopokea zilinunua kuku na mbuzi zaidi, na zikatumia zaidi bima ya afya kulipia matibabu. Mtu aliyelemazwa hanunui mbuzi wa kufuga.

Mwani huchukua kama wiki sita kuvunwa, na maji yakizidi joto hunyauka wote. Kipato cha namna hiyo kipimeni kwa mwaka mzima, masika na kiangazi, tena kwa tathmini ya kaya, siyo kwa macho ya jirani. Wakati huo huo aendelee na kikundi cha kuweka akiba, na wakiwa kikundi waulizie halmashauri ile mikopo isiyo na riba. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ni za wanawake. Kabla ya kikao kijacho, nendeni mkamuulize amevuna mara ngapi, na kamba ngapi zimechukuliwa na mawimbi.