R inaelekea wapi, na skripti za zamani zitapona?

Swali: Ofisini tunachambua takwimu za kaya kwa R, lugha ya programu ya takwimu. Skripti za 2018 zinagoma kwenye matoleo mapya, na nyingine zinatoa majibu tofauti. R inaelekea wapi, nasi tujiandaeje?

Jibu: Lugha yenyewe hubadilika polepole, na mwelekeo wake unaonekana: kilichokuwa kikipita kimyakimya sasa kinakataliwa. Sharti la `if` lenye thamani zaidi ya moja lilikuwa likileta onyo tu, R ikitumia thamani ya kwanza. Tangu 4.2.0 (2022) ni kosa, kazi inasimama. Msilalamike, skripti hiyo huenda ilikuwa ikiwadanganya.

Cha kuogopa ni mabadiliko yasiyopiga kelele. Tangu 4.0.0 (2020), `read.csv()` haigeuzi tena maneno kuwa `factor` (aina ya data ya makundi), hivyo `levels(d$wilaya)` hurudisha `NULL`. Ongezeni `stringsAsFactors = TRUE`, au bora zaidi, andikeni `factor()` pale tu inapohitajika.

La pili linahusu sampuli. Toleo 3.6.0 (2019) lilibadili namna `sample()` inavyochagua, kwa hiyo `set.seed(123)` ileile (amri inayopanga ubahatishaji ili urudiwe) huteua kaya nyingine kabisa. Kupata sampuli ya zamani, tangulizeni `RNGkind(sample.kind = "Rounding")` kabla ya `set.seed()`. Litatokea onyo, liacheni. Ila kwa utafiti mpya msitumie njia hiyo, kwani uteuzi wake haukuwa sawa kamili, hasa orodha ikiwa ndefu sana.

Vifurushi, yaani nyongeza za R, ndivyo hufa haraka. Vile vya ramani, `rgdal`, `rgeos` na `maptools`, viliondolewa CRAN (hazina rasmi ya vifurushi) mwaka 2023. Ramani zenu zihamie `sf` na `terra`. Kila mradi uanze na `renv::init()` (renv ni kifurushi cha kutunza matoleo ya vifurushi), kisha `renv::snapshot()` kila mnapoongeza kifurushi. Faili la `renv.lock` hutunza namba za matoleo, na `renv::restore()` huyarudisha. Tahadhari: renv huandika toleo la R lakini hailisakinishi, hivyo hifadhini kisakinishi chake. Kwenye Windows, vifurushi vya zamani mara nyingi hudai Rtools (zana za kujenga vifurushi), la sivyo `restore()` itakwama.

Upande wa data kubwa, namba moja ya desimali hula baiti 8: mistari milioni 10 kwa safu 20 ni GB 1.6, kabla ya nakala zinazozaliwa njiani. Geuzeni CSV kuwa Parquet (umbizo la faili lililobanwa), mchuje kwa kifurushi cha `arrow` au `duckdb`, na kilichobaki tu ndicho kiingie kwenye RAM.