Sikuwa Ninaigiza: Barua kwa Mwanangu Aliye Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Barua yako niliisoma jioni, nikairudia asubuhi kabla ya kwenda shambani. Ninaijibu kwa Kiswahili, si Kiluganda, ili mke wako naye aisome bila wewe kumfasiria. Mtoto mnayemtarajia ni wenu wawili, na haya yanamhusu.

Umenieleza kwamba mkataba wako bandarini umeisha na haukuongezwa, na kwamba usiku unalala macho ukipiga hesabu za kodi ya nyumba na kliniki mpaka alfajiri. Kisha ukaniuliza jambo ambalo naona umelibeba tangu baba yako alipofariki. Tulikaa matanga siku saba kama sheria yetu sisi Wayahudi inavyotaka. Ijumaa ilipotukuta katikati ya siku hizo, nilioga, nikavaa nguo nyeupe, nikawasha taa za Sabato, nikaenda sinagogini Nabugoye, hapa kwetu karibu na Mbale, Uganda, na kuimba pamoja na watu. Jumamosi usiku nikarudi kukaa chini na kulia. Unauliza: "Mama, ile furaha ulikuwa unaigiza? Na kama hukuigiza, mimi nitaipata wapi?"

Sikuwa ninaigiza, mwanangu. Na sikuwa nimepona.

Unaijua sheria ya siku saba. Mfiwa hukaa chini, havai viatu vya ngozi, hafanyi kazi, na mlo wake wa kwanza baada ya maziko hutoka kwa majirani, si katika chungu chake mwenyewe. Huzuni inapewa heshima yake yote. Lakini Sabato ikiingia, maombolezo ya hadharani yanasimama. Yale ya chumbani na ya moyoni yanabaki, hakuna anayekuamuru uyafute. Ijumaa ile niliimba huku koo limenikaza, na mstari mmoja wa Zaburi niliuacha wengine wamalizie. Hata hivyo nilisimama nao, na sauti zao zikanibeba. Kwa usiku mmoja na mchana mmoja sikuwa mjane peke yake. Nilikuwa mmoja wa watu wa Mungu katika siku aliyoitakasa. Huzuni niliikuta pale pale nilipoiacha, ila ilikuwa imejifunza kwamba si yenyewe inayonitawala.

Nilipokuwa msichana kulikuwa na aya moja katika Kumbukumbu la Torati iliyonitisha. Ni sura ya 28, katikati ya laana zile ndefu, panapotajwa sababu: kwa kuwa hukumtumikia Bwana Mungu wako kwa furaha na kwa moyo mzuri, ulipokuwa na wingi wa vitu vyote. Nilishangaa. Kumbe mtu anaweza kushika amri na bado akadaiwa furaha! Miaka ikanifundisha kuisoma aya hiyo bila hofu. Inaniambia kwamba furaha ni sehemu ya utumishi, kama sala na kama sadaka. Nisiingoje initokee kwanza ndipo nimtumikie Mungu. Naanza kutumikia, kwa mikono na kwa mdomo, na mara nyingi moyo hufuata baadaye. Mara nyingine haufuati. Juma lijalo naanza tena.

Rabi Moshe ben Maimon, yule tunayemwita Rambam, aliyeishi Misri katika karne ya 12, aliandika kwamba kufurahi katika kutenda amri ni ibada kubwa. Lakini aliandika pia jambo kali kuhusu sikukuu. Alisema mtu anayefunga milango ya ua wake akala na kunywa na mke wake na watoto wake, asiwalishe maskini na wenye uchungu rohoni, huyo hana furaha ya amri. Ana furaha ya tumbo lake. Mimi nalishika neno hilo kuliko mengi niliyofundishwa. Kila nilipoona furaha inaniponyoka, nilichunguza mlango wangu nikakuta nimeufunga.

Na usidhani Rambam aliandika hayo kwa sababu maisha yalimnyookea. Mdogo wake, Daudi, alikuwa mfanyabiashara, ndiye aliyeitunza familia ili kaka yake asome. Alizama katika Bahari ya Hindi, hii hii unayoitazama kila siku, akiwa na mali yake na ya watu wengine. Rambam aliugua, akalala kitandani karibu mwaka mzima. Miaka minane baadaye alikuwa bado anaandika katika barua kwamba hajapata faraja, na kwamba kama si Torati, ambayo ndiyo furaha yake, angeangamia katika mateso yake. Mtu huyo huyo ndiye anayetuamuru tufurahi. Ndiyo maana namwamini.

Sasa tumaini, ambalo hapo Pwani mnaliita kutawakali. Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu naona umelichukua kama ahadi kwamba mambo yatakwenda unavyotaka, na sasa yasipokwenda unadhani Mungu amekuacha au wewe humwamini vya kutosha.

Unajua Idi Amin alipiga marufuku dini yetu. Jumuiya iliyokuwa na watu kama 3,000 ilibaki na kama 300. Wengine wote walihamia dini nyingine ili wasalimike, nami siwalaumu. Wazee wetu walisali majumbani kwa siri, sauti chini. Walikuwa wamepokea imani hii kwa Semei Kakungulu, yule kiongozi wa Kiganda, mwaka 1919, bila rabi yeyote wa kuwaongoza, wakiwa na Biblia mkononi tu, na hawakuwa tayari kuiachia. Kisha tarehe 11 Aprili 1979 redio ikatangaza kwamba utawala wa Amin umeanguka. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yalikuwa yameingia Kampala. Na jioni hiyo hiyo Pasaka yetu ikaingia, sikukuu ya kutoka utumwani. Nilikuwa msichana mdogo, lakini nyuso za wazee siku ile ninazo mpaka leo.

Watu hupenda kusimulia hadithi hiyo kana kwamba ni malipo ya tumaini. Mimi siisimulii hivyo. Wazee wale walipokuwa wakinong'ona sala mwaka 1974 hawakujua habari ya 1979. Wako waliokufa kabla ya kuiona. Tumaini lao lilikuwa kamili hata hivyo, kwa sababu halikuwa tumaini la tarehe. Walijua wako mikononi mwa nani, na walijua wanachopaswa kufanya Ijumaa jioni. Mengine hawakupewa kuyajua.

Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba mkataba utarudi. Sina mamlaka hayo.

Nikupe badala yake ile habari ya mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, maana inahusu riziki moja kwa moja. Jangwani kila kichwa kilipata pishi moja. Aliyelimbikiza mpaka asubuhi alikuta mabuu na uvundo. Siku ya sita walipata maradufu, na ya Sabato haikuoza. Lakini angalia: mana haikuanguka vinywani mwao. Walitoka asubuhi wakainama wakaokota kabla jua halijakuwa kali, wakasaga, wakapika. Tumaini letu halijawahi kuwa kukunja mikono. Mimi kahawa naipalilia, naikatia matawi, naichuma ikiwa nyekundu, na mwaka 2004 ulipoanzishwa ule ushirika wa kahawa wa Wayahudi, Waislamu na Wakristo hapa kwetu nilifurahi, kwa sababu jirani aliyeinama pamoja nawe shambani si rahisi kuwa adui. Ila mvua si yangu. Bei ya kahawa ng'ambo si yangu. Nikishafanya yaliyo yangu nikaendelea kujitesa kwa yasiyo yangu, hapo nalimbikiza mana ya kesho, na uvundo wake ndio unaokukosesha usingizi.

Jumapili hadi Ijumaa mchana, tafuta kazi kwa nguvu zako zote. Piga simu, peleka barua, waombe waliokujua wakusemee, usione haya. Ijumaa jua likizama, funga daftari la hesabu na uliweke mbali. Wahenga wetu waliuliza: imeandikwa siku sita utende mambo yako yote, je, nani awezaye kumaliza kazi zake zote kwa siku sita? Wakajibu: pumzika kana kwamba kazi yako yote imekwisha. Hesabu za biashara hazitajwi mezani siku hiyo. Mwanzoni zitakuja kichwani zenyewe, utazisikia zikigonga katikati ya chakula. Ziache zigonge. Imba. Mwambie mke wako habari za babu zako. Hapa kwetu jua huzama karibu saa moja kasorobo mwaka mzima, na najua kila Ijumaa hasa saa ngapi nitapumzika, hata kama juma lote sijui nitauza nini. Nafsi inahitaji uhakika wa namna hiyo.

Na usiku wa siku za kawaida? Kabla ya kulala unasema Shema, ile sala yetu ya kukiri kwamba Mungu ni mmoja, kisha, "Mikononi mwako naiweka roho yangu." Iseme polepole. Kama umemkabidhi roho yako mpaka asubuhi, mkabidhi na kodi ya nyumba. Ukifumbua macho, kabla hujashika simu, sema yale maneno niliyokufundisha ukiwa bado unanyonya kidole: ninakushukuru, Mfalme uliye hai, kwa kunirudishia roho yangu kwa rehema, uaminifu wako ni mkuu. Wako wanaofundisha kwamba maana yake ni hii pia: Mungu ametuamini sisi, ametukabidhi siku nyingine. Nilipokuwa mjane mpya sikuwa na nguvu ya kumwamini Yeye kila asubuhi, lakini niliweza kuamka nikijua kwamba Yeye ameniamini mimi. Hiyo ilitosha kunipeleka kisimani.

Jambo moja linanitia wasiwasi: huko mko peke yenu. Furaha ya mtu mmoja haidumu. Nairobi kuna sinagogi la tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Ukipata nauli, nenda angalau sikukuu zinapofika. Lakini usingoje Nairobi. Kila Ijumaa mpate mtu wa kula nanyi: kijana mliyekuwa mkifanya naye kazi, mjane wa ghorofa ya chini uliyeniandikia habari zake. Hata kama ni maharage. Na kabla mke wako hajawasha taa, wekeni sarafu pembeni kwa ajili ya aliyepungukiwa kuliko nyinyi. Najua utasema, mama, sisi ndio tuliopungukiwa. Sheria yetu inasema hata maskini anayepokea sadaka anapaswa kutoa sadaka. Hatutoi kwa sababu tunazo. Atoaye bado ana nafasi yake ya kumtumikia Mungu, na nafasi hiyo hakuna mwajiri anayeweza kuifuta.

Nimempa dereva wa basi la Nairobi kahawa yetu na unga wa muhogo, ataviacha kwa binamu yako, naye atavifikisha kwako. Gawa kahawa na yule mjane. Mwambie mke wako asibebe maji ngazini mwezi huu; akikataa kukusikia, mwambie ni mimi niliyesema. Mtoto akiwa wa kiume, tohara ni siku ya nane, kwa hiyo nijulishe mapema daktari anataraji lini ili nizungumze na rabi na kupanga safari. Akiwa wa kike nitakuja vile vile.

Mama yako anayekuombea