Kofia sawa, lakini mashine ya maji mmeiweka wapi?

Swali lenu la wiki hii, "Kibarua akija saiti bila kofia ngumu, arudishwe nyumbani?", limenigusa pabaya. Linamkagua kibarua kichwani. Hapa Tabora mimi ningeanza kukagua mahali ilipowekwa mashine ya kuvuta maji.

Nazungumzia visima vya kuchimba kwa mkono. Maji ya Ziwa Victoria yamefika, ndiyo, lakini visima vya uani havijafukiwa. Kila Septemba na Oktoba maji yakishuka, wenye navyo huita mafundi waongeze kina.

Kuna kisima kimoja upande wa Ipuli ambacho mafundi wa huku bado wanakitaja. Kilikuwa na mita 11, tajiri akataka ziongezwe 2. Maji yalichuruzika kwa kasi kuliko ndoo, ikaletwa mashine ya petroli ya inchi 2. Ikawekwa juu, ikanguruma, tone halikutoka. Wakaijaza maji upya, wakabadilisha hosi, wakakaza klipu, mwisho wakasema ni feki. Mashine haikuwa na kosa lolote. Pampu ya namna hiyo huondoa hewa ndani ya hosi, halafu ni uzito wa hewa ya nje unaoyasukuma maji yapande. Ikiwa mpya kabisa, tena kule pwani, mita 7 hivi ndio mwisho wake. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi zaidi. Ukipata 6 ushukuru.

Basi wakafanya wanachofanya wengi: mirunda miwili ikalazwa ndani ya kisima, mita 6 kwenda chini, mashine ikateremshwa ikakaa juu yake. Maji yakatoka kwa nguvu, watu wakashangilia. Baada ya dakika 20 ikazimwa. Wakashusha mshumaa, ukawaka vizuri, mchimbaji akashuka na sururu yake.

Mshumaa ndio uliowadanganya. Unazimika oksijeni ikishuka kufika kama asilimia 16, ilhali hewa ya kawaida ina 21 na chini ya 19.5 mtu hatakiwi kuingia. Tena moshi wa injini una kaboni monoksaidi, na hiyo haiuzimi mshumaa. Haina harufu wala rangi, na hujishika kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu hasikii kukabwa. Kichwa kinamuuma, miguu inalegea, anakaa chini. Yule naye alikaa, wa juu wakadhani anapumzika. Wa pili akamfuata bila kamba. Aliyewaokoa wote ni mzee mmoja aliyesimama mdomoni mwa kisima akakataa wa tatu asishuke, akateremsha kamba. Wa pili, angali na fahamu, akamfunga mwenzake kiunoni. Akavutwa, kamba ikimpanda hadi mbavuni. Kisha akatoka yeye, akitapika. Walipona wote wawili. Katika ajali za namna hii, mara nyingi anayekufa ni yule aliyeshuka kuokoa.

Kwa hiyo injini ibaki juu, tena upande upepo unakoelekea, moshi usirudi kisimani. Chini iende pampu ya umeme ya kuzamisha, nayo itolewe kabla mtu hajashuka. Kama haipo, ndoo na roda, hata kazi ikichukua siku nne. Hewa isukumwe kwa feni yenye bomba linalofika chini kabisa. Lile tawi la majani la kupandisha na kushusha linakoroga hewa kidogo tu, msilitegemee. Mkanda wa mwili uvaliwe kabla ya kushuka, unaopita mapajani na mabegani, kamba ipite kwenye roda, na wawili wa juu wawe wameapa hawatashuka.

Nilikusudia kuandika kwamba kofia ni ya kupigia picha. Lakini nikiifikiria ile roda, nashindwa. Jiwe la kilo moja likichomoka kwenye ndoo mita 11 juu, linafika chini kwa kasi inayozidi kilomita 50 kwa saa, na kisimani hakuna pa kukwepa. Haya, arudishwe nyumbani. Ila Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ndiye atoe vifaa vya kujikinga, kwa hiyo kwanza tuulizane kama kofia iliwahi kuletwa saiti. Kama haikuletwa, kibarua aondoke na ujira wake wa siku. Na ikiletwa iwe na mkanda wa kidevu, maana isiyo nao huanguka kwenye tope mara tu mtu anapoinama kushika sururu.