Kinyama hiki ni cha nani? Kwa wanaoanza utafiti wa saratani ya kongosho

Wadogo zangu mnaomaliza shahada hapa Dodoma na kutamani kazi ya oganoidi, yaani vifundo vidogo vya seli vinavyooteshwa maabara kutokana na kinyama cha mgonjwa, naanza na siku iliyoniliza. Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza, katika maabara moja ya ng'ambo. Mirija miwili ya sampuli, wagonjwa wawili. Niliandika namba kwa kalamu ya wino ya kawaida, nikapulizia ethanoli ya asilimia 70 kabla ya kuingiza mirija kwenye kabati la usalama, nikafuta. Kutazama hivi, namba imehamia kwenye glavu yangu, doa la bluu. Mrija wa pili vilevile. Tuliitupa yote miwili.

Saratani hii wengi hugundulika nayo ikiwa imeshasambaa, hawafiki kwenye upasuaji. Kinyama chao huchukuliwa kwa sindano inayoongozwa na altrasaundi kupitia ukuta wa tumbo la chakula, nacho ni chembamba kama uzi. Hakuna cha akiba. Kwa hiyo tumia lebo inayohimili ethanoli na baridi ya naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na uiandike kabla sampuli haijafika.

Jeli ya kuoteshea seli itawasumbua wiki za mwanzo. Kwenye barafu ni maji, ikipata joto kidogo tu inaganda, na joto la Dodoma la Novemba mnalijua. Iyeyushe usiku kucha kwenye friji, weka ncha za pipeti kwenye friza, fanya haraka. Mkono utazoea.

Lililo gumu zaidi ni hili: seli zinazostawi vizuri zinaweza zisiwe saratani. Kinyama cha uvimbe huja na seli nzima za mirija ya kongosho, nazo kwenye jeli hujenga viputo vizuri vya duara, vyenye ukuta mwembamba unaong'aa. Mwanafunzi anafurahi, anapiga picha, miezi mitatu anajaribu dawa juu ya seli zisizo na ugonjwa. Msiamini macho. Pimeni jeni ya KRAS, ambayo imebadilika katika takribani wagonjwa 9 kati ya 10 wa aina kuu ya saratani hii. Mabadiliko yaliyokuwa kwenye uvimbe yasipoonekana kwenye oganoidi, simamisheni kazi. Wapo wanaoongeza nutlini, kemikali inayozuia seli zenye p53 nzima zisiendelee kukua; p53 ni jeni iliyo kama breki ya ukuaji, na saratani nyingi huwa zimeiharibu. Mimi siitegemei peke yake, kwa sababu baadhi ya saratani pia zina p53 nzima, na hizo utazifuta bila kujua. Kisha linganisheni alama za DNA za oganoidi na za damu ya mgonjwa, mjue hamjachanganya watu.

Tena kumbukeni oganoidi si uvimbe mzima. Uvimbe wa kongosho kwa sehemu kubwa ni tishu ngumu ya makovu, yenye faibroblasti (seli zinazojenga makovu hayo) na seli za kinga, na hivyo kwenye jeli havipo. Ukipandikiza kinyama kwenye panya, nafasi ya tishu hiyo ya binadamu polepole inachukuliwa na ya panya. Dawa iliyoua seli kwenye sahani bado ina ukuta wa kupita.

Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mkataba wa kusafirisha sampuli vitakula miezi, anzeni mapema. Ila fomu ya ridhaa msimwachie karani. Kaa na mgonjwa. Mzee wa Bahi au Kongwa anayezungumza Kigogo nyumbani atafutiwe mtu wa kumweleza kwa Kigogo, na ndugu zake wasikie. Atakuuliza, "Mjukuu wangu, kipande hicho kitanipatia dawa?" Mara nyingi oganoidi zinakuwa tayari baada ya wiki kadhaa, na matokeo hayabadilishi matibabu yake. Mwambie hapana, Babu, kwa sauti ya upole na bila kuzunguka, kabla hajaweka dole gumba.