Jibu: Mdogo wangu mwenye usonji anakosa testi chuoni

Habari dada. Nimekuelewa: mdogo wako yuko mwaka wa kwanza, masomo anayaweza, ila ukumbi ukibadilishwa dakika za mwisho anaganda, anarudi hosteli, na testi mbili zimeshampita.

Kwanza angalia kama chuo kinajua ana usonji. Mwanangu alimaliza muhula mzima wahadhiri wakimwona mtoro, kwa sababu mimi niliogopa kusema. Linaniuma hadi leo. Muulize mdogo wako mwenyewe anataka nani ajue, kisha pelekeni barua ya daktari kwa mshauri wa wanafunzi. Barua itaje anachohitaji. Jina la hali peke yake halimwambii mhadhiri afanye nini. Wangu aliruhusiwa chumba kidogo cha mtihani na muda wa nyongeza. Wakisuasua, Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, inampa haki ya elimu sawa na wenzake.

Kuhusu ukumbi, mwombe kiongozi wa darasa amtumie yeye binafsi meseji ratiba ikibadilika. Kundi la WhatsApp lenye kelele hatalifuatilia. Sisi Jumapili jioni tulizunguka na mwanangu kumbi zote zikiwa tupu, mlango kwa mlango, mpaka akazizoea.